Anataka vidonge vinne tu: nimuuzie au nimnyime?

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, na ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu lililoko kijijini, mkoani Morogoro, upande ambao watu wengi wanaishi kwa kulima mpunga. Duka ni la mama yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, ndiye aliyenilipia ada ya mafunzo ya utoaji dawa, na mpaka leo naishi kwake. Naeleza hayo mapema ili uelewe kwamba jambo ninalokuletea si la mwajiri na mfanyakazi peke yake.

Juu ya kaunta yetu kuna mkasi uliofungwa kwa kamba ili usipotee, na kazi yake ni kukata paketi za vidonge. Mteja anafika na shilingi 500 au 1,000, anaeleza kwamba mtoto anakohoa, au tumbo linamsokota, au mkojo unamuunguza, kisha anaomba amoksilini nne au flajili sita. Mama mkubwa amenielekeza nikate kulingana na pesa aliyonayo mteja. Kipande chenye jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi humwendea mteja mmoja, na wanaofuata huondoka na vidonge visivyo na maandishi yoyote. Miezi ya kabla ya mavuno hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu hata wale wenye uwezo wanakuwa wamemaliza akiba.

Katika mafunzo tulifundishwa kwamba mgonjwa asipomaliza dozi, bakteria huijua dawa na kuwa sugu. Nilipomweleza mama mkubwa, alinijibu kwa upole kwamba nusu shari ni heri kuliko shari kamili, kwamba mtoto aliyekunywa vidonge vinne ana nafuu kuliko ambaye hakunywa kitu, na kwamba tukimrudisha mteja atakwenda kununua kwa machinga anayepita na dawa kwenye begi. Sikuwa na jibu.

Kilichonifanya nikuandikie ni bibi mmoja jirani yetu. UTI yake imekuwa ikirudi mara kwa mara, na kila mara alikuja kwetu kununua vidonge vichache. Safari hii walimwotesha mkojo, yaani kuwakuza bakteria waliomo na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali, katika hospitali ya wilaya, akaniletea karatasi ya majibu nimsomee. Mbele ya majina ya dawa kulikuwa na herufi R, R, R, tena R, na S moja tu karibu na mwisho. R maana yake dawa haimwezi tena bakteria huyo, na S maana yake bado inamweza. Alinitazama akauliza, "Mjukuu wangu, hizo si ndizo dawa mnazouza?"

Nifanye nini, Mshauri? Nikikataa kuuza dawa pungufu, nitamwangusha aliyenilea na huenda nikamnyima dawa mtoto mwenye homa. Nikiendelea, najiona nawatengenezea watu wa kijiji changu ugonjwa usiotibika. Nimefikiria kuacha kazi, na siku nyingine nimefikiria kutoa taarifa kwa wakaguzi, lakini moyo haunipi. Naomba pia unieleze kwa kina: bakteria hujifunza kweli? Na ni afadhali nusu dozi au kukosa kabisa?

Mtoa Dawa, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nilipoisoma niliona mambo mawili yaliyofungwa pamoja, yaani swali la kitaalamu kuhusu bakteria na dawa, na swali la kifamilia kuhusu mtu unayempenda na ambaye huwezi kumvunjia heshima. Unahisi kwamba jibu la la kwanza litakulazimisha kutenda jambo fulani katika la pili. Naomba tuyafungue moja baada ya jingine, kwa sababu nadhani baadhi ya uzito unaoubeba unatokana na namna somo hilo lilivyofupishwa mlipofundishwa.

Bakteria hawajifunzi kama tunavyojifunza sisi. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück, wakitumia bakteria na virusi vinavyowashambulia, walionyesha kwamba mabadiliko ya vinasaba yanayompa bakteria ukinzani hutokea kwa bahati tu, hata kabla ya kukutana na adui. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walipata bakteria sugu kwa streptomaisini ndani ya kundi ambalo halijawahi kuguswa na dawa hiyo. Kwa hiyo dawa mara nyingi hufanya kazi ya kuchagua: inawaua walio dhaifu, na wale wachache waliokuwa tayari na ukinzani wanabaki na nafasi na chakula vyote. Na kwa kuwa bakteria kama E. coli anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi akiwa katika mazingira mazuri, wachache hao hawakawii kuwa wengi.

Hata hivyo, mwalimu wako hakukosea kabisa. Bakteria aliyeumizwa hakai kimya. Chukua siprofloksasini, antibayotiki ambayo hukatisha nyuzi za DNA ya bakteria. Protini iitwayo RecA hutambua vipande vilivyokatika, na hapo protini nyingine, LexA, ambayo kwa kawaida hufunga jeni za dharura, hujikata yenyewe na kuziachia. Katika E. coli jeni zaidi ya 40 huamka kwa mpigo, na wanasayansi wameupa mwitikio huo jina la SOS. Nyingi kati ya jeni hizo ni za kukarabati DNA, lakini miongoni mwake zimo zinazotengeneza vimeng'enya vinavyonakili DNA ovyo, kwa makosa mengi, ilimradi seli isife. Makosa hayo ndiyo mabadiliko ya vinasaba, na mara mojamoja mojawapo humpa bakteria njia ya kuikwepa dawa. Mwaka 2004 watafiti walionyesha pia kwamba mwitikio huohuo huchochea kipande cha DNA kiitwacho SXT, kilichopatikana kwa bakteria wa kipindupindu na chenye jeni za usugu, kihame kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Ili hayo yatokee, sharti bakteria awe ameumizwa na bado yu hai. Dawa ya kiwango cha kuua haimpi muda mrefu wa kufanya hivyo. Dawa ya kiwango cha kuumiza tu ndiyo inayompa.

Kuna jambo la tatu, ambalo huenda linamhusu yule bibi jirani yenu. Mwaka 1944 daktari Joseph Bigger wa Ireland aligundua kwamba hata penisilini ya kutosha ilibakiza bakteria wachache sana walio hai, na alipowaotesha upya, watoto wao walikufa kwa penisilini kama kawaida. Hawakuwa sugu, bali walikuwa wamelala. Penisilini na jamaa yake amoksilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli, na bakteria asiyekua hajengi ukuta, hivyo dawa inampita kama moto wa shamba unavyoipita mbegu iliyo chini ya ardhi. Tunajua leo kwamba njaa na misukosuko mingine ndani ya seli huweza kuwasukuma bakteria kwenye hali hiyo. Chakula kinapopungua, seli hutengeneza molekuli ndogo iitwayo ppGpp ambayo hupunguza utengenezaji wa protini, na ukuaji wote unapoa. Aidha, E. coli wa UTI wana uwezo wa kujipenyeza ndani ya chembe za utando wa kibofu, mahali ambapo si rahisi kufikiwa na dawa. UTI inayorudi inaweza kuwa ya bakteria sugu, ya waliolala au waliojificha, au ikawa ni maambukizi mapya kabisa. Kwa bibi, karatasi aliyokuonyesha inathibitisha usugu, ila haikatai hayo mengine.

Sasa nikuulize jambo kwa upole. Unaposema nusu dozi, unamaanisha nusu ipi? Kuna mama anayempa mtoto nusu ya kidonge asubuhi na nusu jioni ili vidonge vinne vifike siku nyingi, na kuna mama anayempa kipimo kamili, ila vidonge vinamwishia siku ya pili. Huyo wa kwanza anaweka dawa mwilini kwa kiwango cha kuumiza bila kuua, na kwa hayo niliyokueleza, hiyo ndiyo hali inayonitia hofu zaidi. Alexander Fleming alionya kuhusu dozi ndogo mno katika hotuba yake ya Nobel, Desemba 1945. Hali ya yule wa pili inategemea ugonjwa. Kwa kifua kikuu, kukatisha ni hatari kubwa, kwa sababu bakteria wake hukua polepole na wengine hulala. Ilihitaji majaribio makubwa, yakiwemo yale yaliyoanza mwaka 1970 katika nchi za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, ili kupunguza matibabu kutoka miezi 18 au zaidi hadi 6, na chini ya hapo kwa dawa zile ugonjwa ulirudi kwa wengi. Lakini kwa maambukizi mengine tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba siku chache hutosha sawa na siku nyingi. Nimonia ya mtoto isiyo kali, ambayo zamani ilitibiwa kwa siku nyingi zaidi, sasa hutibiwa kwa siku 5, na katika maeneo ambayo watu wenye Virusi vya UKIMWI ni wachache, hata siku 3. Kwa hiyo kauli ya kwamba kila anayekatisha dozi huzaa usugu si kweli kwa magonjwa yote, ingawa haikupi wewe ruhusa ya kupunguza siku zilizoandikwa katika mwongozo.

Nina wasiwasi na dhana nyingine katika barua yako, nayo ni kwamba ukiuza dozi kamili mikono yako itakuwa safi. Mtu mwenye mafua akinunua dozi kamili ya amoksilini na kuimaliza kwa uaminifu wote, hakuna bakteria wa mafua wa kuuawa, kwa kuwa mafua huletwa na virusi. Walioguswa ni matrilioni ya bakteria wasio na hatia walio tumboni mwake, na miongoni mwao wenye ukinzani ndio watakaobaki. UTI nyingi huanzia kwa E. coli waliotoka tumboni. Na ukinzani huo haukai kwa mmoja: mwaka 1959 watafiti wa Japani, Ochiai na Akiba, waligundua kwamba bakteria wa kuhara damu na E. coli wanaweza kupeana usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja. Inawezekana, basi, kwamba R zilizo kwenye karatasi ya bibi hazikutokana na vidonge vya UTI peke yake, bali pia na vya kikohozi na vya tumbo, vilivyokatwa na visivyokatwa, vyake au vya watu anaoishi nao. Nakueleza hivi ili usijitwike peke yako kisa chenye njia nyingi. Na ile S moja ina maana kubwa kwake. Dawa hiyo aipate kwa maelekezo ya daktari aliyemwotesha mkojo, kwa kipimo kilichoandikwa, na arudi kliniki ikiwa dalili hazikuisha.

Ndiyo sababu naona mabishano yenu ya nusu au kamili yanalipita swali linalotangulia: je, mtoto huyu anahitaji antibayotiki? Kwa mtoto anayekohoa, una chombo ambacho hakiuzwi. Mama amkalishe mtoto akiwa ametulia, afunue kifua, nawe uhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima kwa saa ya simu yako. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka, na kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Asiye na pumzi za haraka, wala kifua kinachobonyea ndani, wala dalili nyingine ya hatari, kwa kawaida hahitaji amoksilini. Anayebonyea kifua, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hapaswi kusubiri vidonge vyako wala vya mtu mwingine. Aende kituo cha afya saa hiyohiyo. Mtoto mwenye pumzi za haraka peke yake ndiye ambaye kwake mama yako mkubwa ana hoja nzito, na ndiye ambaye kwake hoja hiyo ina jibu. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kilo 4 hadi 10, matibabu ni kidonge kimoja cha amoksilini ya kuyeyusha cha miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa siku 5, yaani vidonge 10. Mara nyingi hiyo ni paketi moja isiyohitaji mkasi. Kwa anayeharisha bila damu, chumvichumvi ya ORS na zinki ndiyo matibabu, na flajili haina kazi hapo.

Tukigeukia nyumbani, naona una njia kadhaa, na kila moja ina mwiba wake.

Ukikataa kabisa kukata paketi, utakuwa umesimama kwenye kanuni, lakini wateja watahamia kwa yule wa begi ambaye hata joto la jua halimshughulishi, na mama mkubwa atakuona umemgeuka mbele ya watu. Ukiacha kazi, atakayekuja baada yako huenda asiujue hata huo mwiko unaokukosesha usingizi, ingawa siwezi kukulaumu ukichoka, kwa maana dhamiri nayo huugua. Kutoa taarifa kwa wakaguzi ni haki yako, na pengine kungewalinda watu. Lakini jiulize kama kuna duka jingine karibu endapo hilo litafungwa. Maduka haya yalianzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003 hasa kwa ajili ya vijiji ambavyo famasia haifiki, kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi yaliyouza chochote kwa yeyote. Taarifa huwa haifutiki ikishatolewa, na undugu uliovunjika kwa njia hiyo huchukua miaka kuunganika.

Njia iliyobaki ni kuzungumza naye kama mshirika wa biashara, na hii pia haina uhakika. Ninachokiona katika maneno yake ni huruma iliyochanganyika na hofu ya kupoteza mauzo, na vyote viwili ni vya kweli. Ukimjia na somo la usugu, atasikia lawama. Ukimjia na hesabu, huenda akasikia hesabu. ORS, zinki na panadoli huuzwa mara nyingi bila kikwazo chochote. Kwa familia mnazozijua, paketi nzima inaweza kutolewa kwa mkopo wa daftari hadi mavuno. Hatari ipo, kwa sababu madeni ya dawa hulipwa kwa shida na mtaji wa duka la kijijini ni mdogo, hivyo pengine muanze na watoto wenye pumzi za haraka tu, ambao si wengi kama wanaokohoa. Vilevile, kwa mujibu wa sera ya afya ya nchi yetu, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya umma. Najua kwamba mara nyingine mzazi hufika akaambiwa dawa zimekwisha, kwa hiyo usimtume mtu bila kuuliza kwanza kwa simu kama dawa ipo siku hiyo, ukiweza kupata namba ya muuguzi wa zamu.

Na ikitokea, baada ya yote, kwamba mteja ni mtu mzima, ana ugonjwa unaohitaji dawa, ana cheti, na pesa yake inatosha siku 2 kati ya 5? Hapo siwezi kukuamulia, kwa kuwa si mimi niliye mbele yake. Baadhi ya wafamasia ninaowaheshimu wangemnyima, na wengine wangempa za siku 2 kwa kipimo kamili, bila kupasua kidonge, wakaandika jina lake na kumfuata kesho yake kwa zilizobaki. Ukilifanya hili la pili, andika kwa mkono jina la dawa, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye bahasha, ili asiondoke na vidonge visivyo na maandishi kama ulivyoeleza.

Sijui mama yako mkubwa ni mtu wa kuzungumziwa asubuhi kabla ya kufungua duka au usiku baada ya chakula, wewe ndiye unayemjua. Ningependa tu uende kwake ukiwa umeandaa majina ya wateja watatu au wanne wa wiki iliyopita, ukimweleza kwa kila mmoja alikuwa na dalili zipi, alinunua nini na angeweza kupewa nini badala yake, kisha umwachie nafasi ya kukusahihisha, maana katika miaka yote aliyokaa kwenye kaunta hiyo yapo anayoyajua kuhusu watu hao ambayo wewe na mimi hatuyajui. Akikukatalia, niandikie tena unieleze alichokisema, tuangalie njia zilizobaki.